Tulivyopika Picha Juu ya Boneti

Ndugu zangu wa kundi letu la kamera za kutoa picha ya karatasi papo hapo, naanza kwa kuomba radhi. Mimi niliishia darasa la saba na naandika kwa kidole kimoja, polepole. Mkikuta herufi imekosekana, jazeni wenyewe. Mwandiko wangu hamuuoni, hapo simu imenisitiri.

Leo nimepatikana.

Kamera yangu mnaikumbuka. Ile niliyoikuta ndani ya mkoba wa mtumba nilioletewa kushona zipu hapa Majengo, mwenye mkoba akasema chukua tu, hiyo imekufa. Haikuwa imekufa, ilikuwa na njaa. Mwaka mzima haina filamu, nami mwaka mzima naifuta vumbi na kuwatumia salamu zake. Mkanivumilia. Juzi mwenzetu Kaka Yusto wa Iringa akanitumia pakiti ya filamu kwa basi, na maelekezo juu: kukiwa na baridi picha iwekwe kwenye joto, na isitikiswe. Nikayakariri kama sala.

Basi leo asubuhi, ukungu umetanda, baridi ya kung'ata masikio. Bibi yangu, Bibi Kunigunda, alikuwa anaagana na mdogo wake, Bibi Skolastika, aliyekuja kwenye ubatizo wa kitukuu na sasa anarudi kwake Hanga. Hawa ndugu wawili hawana picha hata moja ya pamoja. Zilizokuwepo zililiwa na mchwa. Za simu Bibi hazitambui. "Simu ya mama yako mdogo si ilitumbukia chooni na harusi nzima ndani?" Anataka ya karatasi, ya kushika mkononi. Na kwa magoti yao yale, nani ajuaye watakutana tena lini?

"Mume wangu," Bibi akaniita (wajukuu wa kiume wote ni waume zake, msishtuke), "lete hiyo mashine yako kabla Gaudensi hajaondoka na mwenzangu."

Mjomba Gaudensi ni mtoto wa Bibi Skolastika. Alikuwa ameshawasha pikapu, anapiga honi.

Nikapachika pakiti. Picha yangu ya kwanza maishani! Mabibi wakakaa kwenye viti, vitenge sare, wamekaza nyuso kama wanapigwa picha ya kitambulisho.

"Tabasamuni kidogo, bibi zangu."

"Tabasamu la nini? Hii ni picha au ngoma?"

Nikabonyeza. Zzzzz! Kadi ikatoka mbele ya kamera, nyeusi tii.

"Waaa!" Majirani wakaanza kuruka ua. Akaja Baba Otmari wa nyumba ya pili. Akaja pia Edita, binti wa jirani. (Kwa Edita mimi huwa nasema "mambo" halafu naangalia viatu vyangu.) Sijui nilipata wapi ujasiri, nikahutubia. Mimi!

"Tulieni. Sasa hivi ni nyeusi, lakini picha inajitengeneza yenyewe humo ndani. Inahitaji joto tu."

"Lete huku," Bibi Skolastika akasema. "Mimi nina masweta mawili."

"Wewe kwapa lako la baridi tangu utoto!" Bibi akaidaka kadi na kuitumbukiza kifuani.

Tukasubiri. Ikatolewa. Nyeusi.

"Bado mbichi," nikasema, kama fundi.

Ikaingia kwenye masweta mawili. Ikatoka. Nyeusi. Baba Otmari akavaa miwani, akainama.

"Naona kitu. Hapo pembeni. Sikio."

"Sikio la nani?"

"La Skolastika. Ni kubwa."

"Otmari! Hicho ni kilemba changu!"

Wote wakaanza kuona. Mmoja kaona mguu wa kiti, mwingine kaona mpaka mbuzi aliyekuwa amefungwa nyuma. (Na mimi niliona. Naapa, niliona sikio.)

Mjomba Gaudensi akashuka garini, amekasirika. "Mama mkubwa, mbolea ya watu inanisubiri Namtumbo!"

"Na mimi namsubiri ndugu yangu atokee humu," Bibi akamjibu. "Haondoki mtu."

Mjomba akaitazama kadi, akakuna kichwa. "Kama shida ni joto, iwekeni kwenye boneti. Injini imeshachemka."

Ikawekwa. Tukaizunguka pikapu yote, mikono nyuma, kimya, tunaitazama kadi. Dereva wa bodaboda akapita, akapunguza mwendo. "Poleni. Gari limekufa?"

"Hapana," Baba Otmari akajibu. "Tunapika picha."

Yule kijana akaondoka taratibu, anageuka nyuma.

Hapo ndipo Edita akaichukua kadi, akaigeuza, akaigeuza tena. Akatoa simu yake, akatafuta video ya kamera kama yangu. Tukamzunguka yeye sasa. Kwenye video kuna jamaa anapachika pakiti mpya. Zzzzz! Kadi nyeusi inatoka, kama yetu kabisa. Yule jamaa hakuiangalia hata mara moja. Akaitupa kwenye ndoo ya taka.

Tukaigeukia ya kwetu.

"Hiyo," Edita akasema kwa upole, na huo upole ndio ulioniua, "ni ya kuzuia mwanga tu. Huwa inatoka kwanza. Picha zipo chini yake."

Bibi akaniangalia. Akaiangalia boneti. Akaniangalia tena.

"Kwa hiyo, mume wangu, tumepika mfuniko?"

Ndugu zangu! Bibi Skolastika alicheka mpaka akamwegemea dada yake, na dada yake akaiegemea pikapu. Baba Otmari, yule wa sikio, alikaa chini kabisa. Mjomba akasahau mbolea. Mimi uso umewaka, nikainua kamera kuficha sura. Basi kidole kikabonyeza.

Zzzzz!

Safari hii ikatoka nyeupe.

"Mfuniko wa pili!" wakapiga kelele. "Huyu ana mifuniko mpaka ya sufuria!"

Nikasema jamani hii ndiyo yenyewe. Nani anisikilize? Nimeshahutubia mara moja. Mjomba akapanda garini, hataki tena kusubiri. Nilitaka kupiga nyingine, akanipigia honi. Bibi Skolastika akanihurumia, akaichukua ile nyeupe, akaisukumiza ndani ya masweta mawili, wakaondoka. Bibi akabaki anapunga mkono barabarani, hana kitu.

Jioni hii simu ikaita. Mjomba. Nikaweka sauti kubwa.

"Dada!" ilikuwa sauti ya Bibi Skolastika. "Tumetoka! Mimi na wewe! Midomo wazi, meno hakuna!"

Bibi alisimama bila kushika magoti. "Nani kapendeza?"

"Mimi."

"Mwongo. Niletee nione."

"Siileti. Ipo moja tu, na ni yangu. Ukiitaka, njoo Hanga."

Bibi hajafika Hanga miaka mingi, kila siku ni magoti. Sasa hivi ninavyoandika anapanga nguo. Jumamosi anasafiri, na mimi nimetangazwa mpiga picha wa msafara, sikuulizwa. Edita naye kaomba nafasi, kasema lazima awepo mtu anayejua kusoma kadi. (Nikasema "mambo". Sijui kwa nini.)

Chekeni, lakini chekeni kidogo. Halafu tafadhali niandikieni, kila mmoja wenu, kabla ya Jumamosi: humo ndani kuna kitu kingine kinachotoka ambacho si picha?