Njia ya Nne ya Kufika Kambini

Jumatatu, 4 Machi. Miaka mitatu na siku kumi na moja tangu niondoke nyumbani.

Barua! Karani wa stoo kaniletea hadi kwenye mashine ya zege. Ina muhuri wa jeshi. Nikadhani nimeshitakiwa. Kumbe ni binti yangu. Anamaliza mafunzo ya ukuruta. Gwaride ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Baada ya hapo wazazi wanapewa muda wa saa mbili kukaa na watoto wao, kisha kundi zima linapelekwa mpakani. Miaka miwili! Chini kaandika kwa mkono wake: Baba, usikose.

Nilipoondoka alikuwa ananifikia begani.

Aliyenisomea ni fundi lipu, ninayelala naye chumba kimoja. Kusoma najua, ila miwani yangu ilikanyagwa. Aliyeikanyaga ni yeye. Nyuma ya barua kuna maelekezo. Njia ya kwanza: basi la jeshi, bure, linaondoka stesheni ya reli saa mbili asubuhi. Njia ya pili: treni hadi kituo cha tatu, halafu nusu saa kwa mguu. Njia ya tatu: gari lako mwenyewe, lami yote, unakata kushoto kwenye tangi la maji. Mwisho kulikuwa na mstari wa herufi ndogo. Nikamwambia aache. Herufi ndogo huwekwa kujaza karatasi.

Barua inaruhusu wageni wawili. Fundi lipu akaikunja taratibu, akasema, "Basi kaka, tutakwenda wote."

Nani kamwalika? Ana viatu vyeusi vinavyong'aa. Akikaa karibu yangu watu watadhani baba ni yeye.

Jumanne, 5 Machi.

Mpango umekamilika. Nitaomba ruhusa bila kutaja gwaride. Nikilitaja, fundi lipu naye ataomba. Nimemwendea msimamizi huku nimeshika shavu. Nimemwambia jino linaniua, nataka Jumamosi nzima.

Msimamizi ni mtu mwenye huruma, na hilo ndilo tatizo lake. Akasema maumivu kama hayo hayangoji Jumamosi. Kesho asubuhi atanipeleka mwenyewe kwa gari lake.

Jumatano, 6 Machi.

Limeng'olewa. Lilikuwa zima!

Daktari alisema haoni ubaya wowote. Nikamwambia aangalie tena. Ningefanyaje? Msimamizi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, ananionea uchungu kuliko hata mimi mwenyewe. Daktari akauliza ni lipi. Nikaonyesha moja la nyuma, la kutafunia. Nilidhani la nyuma halina kazi nyingi.

Jioni nikamkumbusha msimamizi habari ya Jumamosi. Akaniuliza ya nini tena, na jino limeshatoka? Mdomo ulikuwa umejaa pamba.

Fundi lipu kanichemshia supu, kaichuja kabisa. Simwamini.

Alhamisi, 7 Machi.

Fundi lipu kaniambia nimweleze msimamizi ukweli, kwani naye ni mzazi. Rahisi kwake kusema! Meno yake yote yapo. Nikisema ukweli leo, jino langu litakuwa limekufa bure.

Mchana nilikuwa nimekaa juu ya mchanga, nimekata tamaa kabisa. Nikamsikia dereva wa lori akisema Jumamosi anapeleka matofali kambini. Jeshi linajenga ghala. Anatafuta vibarua wawili wa kupakua, na kwa kazi hiyo ruhusa haihitajiki. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo. Akanitazama. Hapa kwenye ujenzi wananiita Mzee Mkato, sijui nani alianza. Akasema, "Mzee Mkato na tofali wapi na wapi? Haya, saa kumi na moja alfajiri, usinicheleweshe."

Njia ya nne! Haimo kwenye barua. Wenye basi watapanga foleni, watapekuliwa hadi soksi. Mimi wakati huo niko ndani zamani, nimeshachagua kiti cha mbele.

Ijumaa, 8 Machi.

Shati jeupe nimelinyoosha kwa sufuria ya moto. Nitalivaa ndani ya ovaroli. Tukishafika, navua ovaroli na tayari mimi ni mgeni. Barua nimeiacha chini ya godoro. Kwanza itachafuka kwa saruji. Pili, kibarua mwenzangu akiiona atataka ile nafasi ya pili. Tatu, barua ni ya kuingilia, na mimi nitakuwa ndani.

Fundi lipu aliuliza kesho tunaondoka saa ngapi. Nikamwambia siendi, fizi imevimba. Alikaa kitandani, kiatu kimoja mkononi na brashi mkono wa pili. Akasema, "Mtoto atakutafuta, kaka."

Nikageukia ukutani.

Jumamosi, 9 Machi.

Nimeandika tarehe, sasa natafuta la kuanzia.

Lori halikupita barabara ya tangi la maji. Lilizunguka nyuma kabisa, likaingia lango la mizigo. Kwenye nguzo pana bango, herufi kubwa, hata mimi bila miwani nilisoma: Wageni wa gwaride watumie lango kuu tu. Nikajua ule mstari wa herufi ndogo ulisema nini.

Tulipoingia nikavua ovaroli. Askari wa zamu akaja.

"Mzee, wewe mgeni au mpakuaji?"

Nikasema mgeni.

"Barua?"

Nikamweleza kuhusu godoro. Akasikiliza hadi mwisho, bila haraka.

"Basi wewe ni mpakuaji, mzee wangu. Pakua."

Nikapakua. Matofali elfu moja na mia mbili, watu wawili. Kati yangu na uwanja kulikuwa na ukuta mmoja tu, na lipu yake mbaya. Saa nne ngoma zikaanza. Nikasikia buti zikipiga chini kwa pamoja, mamia, na nikajaribu kusikia za mwanangu. Nilipopenya pembeni ya jiko nilirudishwa. Nilipopenya mara ya pili nilirudishwa na gunia la viazi mgongoni, nilipeleke stoo kwa vile nilionekana sina kazi.

Kisha kipaza sauti. Mlenga shabaha bora wa kundi zima, kuruta namba mia mbili na kumi na nane! Hiyo ndiyo namba iliyo kwenye barua. Makofi yakalipuka ng'ambo ya ukuta. Nikatupa gunia, nami nikapiga makofi, peke yangu kati ya matofali, vumbi likiruka mikononi.

Mpishi alikuwa mlangoni anamenya vitunguu. Akaniuliza nampigia nani.

Nikamwambia huyo ni mwanangu.

"Mwanao?" akasema. "Sasa huku unafanya nini, baba?"

Akanipa kiti. Nilikaa hadi dereva akapiga honi. Saa sita kasoro. Wakati huo ndipo wazazi wanaruhusiwa kuingia uwanjani. Nikamwomba dereva angoje kidogo. Akasema tripu ya pili inamsubiri, na mimi ndiye mpakuaji wake.

Jumapili, 10 Machi.

Fundi lipu alirudi jana jioni, viatu vina vumbi. Sikumsemesha hadi leo.

Yeye kila Jumamosi huanika magodoro, kwa sababu ya kunguni. Jana aliinua langu akaona barua. Akadhani nimeondoka kimyakimya nikaisahau. Akamkimbilia msimamizi, akamweleza, akapewa ruhusa papo hapo. Akakimbia stesheni anipe barua. Hakuniona. Akapanda basi ili anipe huko huko. Kambini pia hakuniona. Wakamkalisha mstari wa mbele. Viti vya wazazi wa washindi!

Nikamuuliza mtoto alisema nini.

Alikuja mbio, akasimama. Fundi lipu alijitambulisha, naye akatazama nyuma ya fundi, akauliza, "Baba mdogo, baba yuko wapi?"

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia yuko njiani."

Walikaa wote wawili muda wote wakitazama lango kuu.

Kaniletea picha. Binti yangu yuko katikati ya uwanja na medali yake, amenyooka kama mlingoti. Kiti cha upande wake mmoja ni kitupu, upande wa pili amesimama fundi lipu. Amempita fundi lipu kwa kichwa kizima, na fundi lipu ni mrefu kuliko mimi. Nimejipima ukutani kwa kalamu. Mimi sasa ndiye ninayemfikia begani.

Jumatatu, 11 Machi.

Bado kuna nafasi! Fundi lipu alikuwa ananingoja nitulie ndipo aniambie. Kundi halijaondoka, linasafiri Alhamisi. Treni yao itasimama stesheni ya njia panda saa nne asubuhi, dakika kumi, kuongeza maji. Mwanangu katoa maelekezo mafupi: Baba apande treni ya saa kumi na mbili asubuhi, ateremke njia panda, asimame jukwaani. Basi.

Msimamizi naye alinipitia kwenye zege. Akasema angejua habari ya gwaride angenipa hata siku mbili, na nikitaka ruhusa nyingine niseme tu. Niseme tu! Kirahisi hivyo? Anataka nikiri habari ya jino. Nimeshtuka mapema. Nimemwambia jicho la kushoto linaniwasha sana, na Alhamisi ndiyo siku ya daktari wa macho.

Kasikitika kweli. Anatafuta funguo za gari lake.

Hiyo treni ya saa kumi na mbili siipandi, itajaa wazazi. Nimeongea na dereva wa gari la kokoto. Anapita karibu kabisa na reli, upande wa nyuma. Fundi lipu sijamwambia kitu. Alhamisi saa nne nitakuwa jukwaani, wa kwanza, na saa kumi jioni nitakuwa nimerudi hapa, macho yote mawili mazima.