Mama Pacha Azishinda Nyusi za Mwenyekiti

Sogeeni, enyi mliowahi kusema "ndiyo, bosi" huku moyo ukisema "hata kidogo"! Sogeeni nanyi mliotoka mkutanoni mkagundua, mkiwa tayari ngazini, jibu zuri mlilopaswa kulitoa! Kohoeni sasa msije mkanikatiza baadaye, niwasimulie vita vilivyopiganwa ghorofa ya pili, katika chumba chenye dirisha moja lisilofunguka, baina ya mwanamke mpole na nyusi mbili za mwanamume. Damu haikumwagika. Chai ilimwagika, kidogo.

Palikuwa na jopo la watunga kamusi, majemadari wa karatasi, waliopewa kazi ya kuyatwaa maneno ya Kiingereza na kuyatafutia maskani katika Kiswahili kwa ajili ya watoto wa shule. Aliyewaongoza ni Mwenyekiti, Fahali wa Fasiri, Mvunja Hoja, aliyejaliwa nyusi nene zilizokutana juu ya pua kama ndugu wanaogombea shamba. Na desturi ya jopo ilikuwa hii: Mwenyekiti hulitamka neno alilolitunga mwenyewe, huzipandisha nyusi, huwatazama wajumbe, na wote wakinyamaza hugonga meza kwa pete yake na kusema, "Hakuna pingamizi. Limepita." Nao hunyamaza kila mara. Kwa njia hiyo yalikuwa yamepita maneno ambayo Kiswahili chenyewe, kikikutana nayo njiani, kisingeyaitikia salamu.

Kulia kwake aliketi Shemeji, ambaye ofisi nzima ilimwita hivyo ingawa hakuna aliyejua ni nani aliyemwoa dada yake. Huyo alikuwa bingwa wa kukubali. Alikubali hata kabla ya kuulizwa. Kushoto aliketi Mama Pacha, mhariri, mwenye kalamu kali na sauti ya kuomba radhi.

Asubuhi hiyo jopo liliingia nchi ya hatari, yaani maneno ambayo Waingereza humwitia mtu aliyeonewa na kutishwa hata akasalimu amri. Lo, wanayo ghala nzima! Liko lenye umbo la ng'ombe, ijapokuwa wajuzi husema si ng'ombe yule wa maziwa. Liko la mume anayedonolewa na mkewe mithili ya kuku. Liko la mtambo wa kusawazisha barabara, unaompitia mtu ukamwacha bapa. Yote hayo Mwenyekiti aliyatungia neno na kuyagongea pete chai ikiwa bado ya moto. Kisha likaja lile la mtu aliyepigwa kwa nyusi.

"Hili nimelitunga jana nikioga," alisema Mwenyekiti, na vikombe vikatetemeka. "Kunyusishwa!"

Nyusi zikapanda. Shemeji akakubali kwa kichwa, kwa mabega, na kwa tumbo pia. Pete ikainuka hewani.

Sasa jueni, wasikilizaji, lililokuwa moyoni mwa Mama Pacha. Mmoja wa mapacha wake, binti aliyeota meno mapya ya mbele, alikuwa amekaliwa kooni na msichana wa darasa la juu, aliyemnyang'anya kiti, kisha penseli, kisha nafasi yake kwenye foleni ya bomba. Mwalimu alipomuuliza kulikoni, mtoto alikosa neno. Alisimama tu, akilia. Na kamusi hii ilikuwa inakwenda darasani kwake. Mama Pacha alimwona mwanawe akifunua ukurasa kutafuta jina la jambo lililompata, akakutana na "kunyusishwa", akaufunga. Moyo ulimuuma. Ulimuuma kweli, na hapa sitanii.

"Hapana," alisema.

Ngurumeni, enyi mawingu! Hapana ile ilikuwa ndogo, imevaa kandambili, lakini ilitoka. Shemeji alishtuka akamwaga chai yake juu ya herufi B.

"Nani kasema?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mimi, Mwenyekiti. Samahani. Lakini hapana."

Hapo Mwenyekiti akazipanga nyusi zake kivita, wa kulia mbele, wa kushoto nyuma yake kuziba njia ya kukimbilia. Watu wenye shahada za nje wamewahi kuyeyuka mbele ya mpango huo.

"Ewe mwana wa kalamu!" alinguruma Mwenyekiti. "Tangu nikalie kiti hiki, hakuna kiumbe aliyenipinga. Unataka nini badala yake?"

"Kuufyata. Kutishwa mpaka ukaufyata. Kila mtu analijua hilo, Mwenyekiti."

"Neno la vijiweni! Mimi silijui, wala silitumii!"

Shemeji alifumba macho, asione maiti. Lakini Mama Pacha alivuta pumzi, akabadili silaha.

"Sawa, Mwenyekiti. Eti, mama hajambo?"

Mwenyekiti alisita, maana hata fahali huulizwa habari za mamaye akajibu. "Hajambo. Siku hizi yuko kwangu."

"Na ile redio yake unayotulalamikia kila siku, bado anayo?"

"Redio!" Nyusi zikalegea. "Mama Pacha, we acha tu. Juzi nataka kusikiliza taarifa ya habari, yeye kafungulia muziki mpaka madirisha yanalia. Nikasogea nipunguze. Hakusema kitu! Alinitazama tu, na hizi nyusi unazoziona nimezirithi kwake. Mtu mzima mimi, nikaufyata, nikaenda kukaa jikoni."

Neno lilikuwa pale mezani, limetoka kinywani mwa adui yake mwenyewe, bado lina joto. Ndipo Shemeji, ambaye maishani mwake hakuwahi kumhoji hata kondakta, alifumbua jicho moja na kuuliza kwa upole, "Kwa hiyo, Mwenyekiti, hukunyusishwa?"

Kicheko kilianzia tumboni mwa Mwenyekiti, kikapanda, kikazifikia nyusi, nazo zikatawanyika kama jeshi lisilolipwa. Alicheka hadi akapangusa machozi kwa tai. Kisha akainua pete. "Kuufyata. Limepita."

"Bado," alisema Mama Pacha. "Hujatuuliza."

Pete iliganda hewani. Mwenyekiti akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine, akaishusha taratibu.

"Haya," alisema. "Mnaonaje?"

Andikeni basi, enyi wenye wino, na mkikosa wino chongeni ukutani: katika chumba cha dirisha moja, kabla ya chakula cha mchana, Mwenyekiti aliuliza swali na akangoja jibu. Milki zimeanguka kwa kishindo kidogo kuliko hicho. Jopo likalikubali neno la Mama Pacha kwa sauti, na Mama Pacha akaliandika. Kisha Shemeji, Simba wa Dakika za Mwisho, akainua kidole.

"Lile la ng'ombe," alisema, "mimi sikulipenda hata kidogo."

Wakaanza kusema wote kwa pamoja.