Viwanja Vinne kwa Tike Moja

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Asubuhi kwenye biro ya Memory, yule anayeuza tike za ndege sokoni Kashikishi. Binti yangu, jina lake Mujinga, anaolewa Winnipeg, Kanada, Jumamosi tarehe 21, saa tano asubuhi. Bibi yangu Chouchou, mama yake, yuko huko tangu Mei. Nimebaki mimi, baba, wa kumushika mukono mpaka altareni.

Memory akanionyesha njia: Lusaka, Addis Ababa, Toronto, Winnipeg. Masaa ishirini na nane. Nikaomba mbasela. Akacheka! Akasema tike haina mbasela, Ba Apollinaire, hii si chisense. Nikamuuliza tangu lini. Huku Nchelenge ukinunua sahani ya chisense, dagaa wetu wa ziwa, muuzaji anakutupia konzi moja juu bila kuambiwa, la sivyo unamuachia samaki wake. Nilivuka ziwa kutoka Kilwa, upande wa Kongo, na wavu wa kuazima, nimeuza miaka kumi na tisa, sijamunyima mutu mbasela hata siku moja. Nikakaa kitini. Sikuondoka.

Masaa mawili. Mwishowe akachomoa nyingine, kwa hasira: Lusaka, Nairobi, Dubai, Istanbul, Toronto, Winnipeg. Bei ileile! Viwanja vya ndege vinne vya katikati badala ya viwili! Masaa hamsini na sita. Akasema watu hulipa zaidi ili kuikwepa njia hiyo. Voilà, ndiyo maana ilikuwa imebaki.

Jumanne, tarehe 10 Juni

Boyd Mukuka, baba ya bwana arusi, mwenye maboti manne ya kwenda kisiwa cha Chisenga. Yeye amechukua ile ya viwanja viwili. Amenicheka bandarini mbele ya wamama wote wa samaki. Eti nikipotea nisiwe na wasiwasi, yeye atamushika Mujinga mukono, suti ameshashona.

Nikapiga hesabu palepale, kwa sauti. Bei moja, masaa yangu mara mbili ya yake. Basi kila saa ya Boyd angani inamugharimu mara mbili ya yangu. Wamama wakacheka, sijui walimucheka nani.

Chouchou akapiga simu. Kwa nini nisisafiri na Boyd, tuangaliane njiani? Nikamuambia sisafiri na mutu anayetupa mali. Akasema avio si boti ya Chisenga, haitakusubiri kwa sababu umepiga kelele ufukweni. Bon. Miaka ishirini na saba ya ndoa, na bado hanijui.

Jumatano, tarehe 18 Juni

Lusaka. Basi usiku mzima na nusu siku juzi, miguu imevimba. Suti imeingia kwenye muzigo mkubwa. Mukononi kilo sita za chisense ya arusi. Mimi naruka asubuhi, Boyd jioni. Nimemutangulia masaa kumi na mbili! Nimemutumia picha yangu nikiwa nimekaa dirishani. Hajajibu.

Alhamisi, tarehe 19 Juni

Dubai. Ukungu ulituchelewesha Nairobi masaa sita, ndege ya Istanbul imeshaondoka. Binti wa mezani, mpole sana, akasema tumepata bahati: ataniweka kwenye ndege inayokwenda moja kwa moja Toronto, inaondoka baada ya masaa mawili. Nitafika Winnipeg Ijumaa asubuhi, kama ilivyopangwa.

Nikamuuliza Istanbul yangu inakwenda wapi. Akasema siihitaji tena. Siihitaji! Nilikaa masaa mawili kwenye kiti cha Memory kwa ajili ya ile Istanbul. Akaniuliza mara tatu kama nimeelewa. Akamuita mukubwa wake. Mukubwa akaniuliza arusi ni lini, akatazama saa, akanitazama mimi, akachapa tike mupya. Istanbul kesho alfajiri, kulala Toronto, Winnipeg Jumamosi saa tatu na dakika arobaini asubuhi.

Nimeshinda!

Ijumaa, tarehe 20 Juni

Istanbul. Masaa mawili. Nimeona dirisha moja na kikombe kidogo cha chai.

Chouchou kwenye simu, huko kwao usiku na nyumba ya arusi hailali: Boyd amefika tangu jana, ameoga, amekula, sasa anafanya mazoezi ya kutembea na Mujinga sebuleni. Mujinga alipokuwa na miaka sita alikuwa anaokota mchanga kwenye chisense yangu, punje kwa punje, halafu ananiletea kiganja kimoja nikague. Kiganja kile kwenye mukono wa Boyd! Chai ikanishinda.

Jumamosi, tarehe 21 Juni

Nimefika. Muzigo haukufika, suti nayo. Nikaita taksi na kandambili zangu miguuni. Mulangoni mwa kanisa kwaya imeshajipanga, Boyd amenyoosha mukono, na Mujinga amesimama kama nguzo. Amekataa kupiga hata hatua moja. Amewaambia wote kwamba baba yake hajawahi kukosa soko, hatakosa hili.

Boyd aliponiona hakucheka. Alivua koti lake akanivalisha, mikono ikafunika vidole vyangu vyote. Akasema haraka, mukwe, mutoto anakungoja. Mujinga akaninusa begani, akasema nanuka Kashikishi nzima, akalia, akaharibu rangi ya macho. Tulitembea polepole. Sikumuachilia mpaka padri alipokohoa.

Jumapili, tarehe 22 Juni

Wote wananisema. Chouchou anataka niape mbele ya Boyd kwamba nitarudi nao, viwanja viwili, kama watu. Boyd anatikisa kichwa kwa huruma.

Wacha wafanye hesabu kwanza. Boyd alifika yamebaki masaa arobaini na mbili, akayamaliza kwenye kiti cha sebuleni. Mimi nilifika mulangoni zimebaki dakika nane. Sasa nani kati yetu alitupa mali?

Lakini hizo dakika nane nazo zinaniuma. Maana yake njia ilikuwa bado na nafasi ya kiwanja kingine. Nimeshamuandikia Memory: kwa kurudi, aniongezee Casablanca.