Balozi wa Kandambili

Mwakiro, Jumapili, 6 Agosti 2023

Leo nimejiteua kuwa meneja wa michezo. Hakuna aliyepinga, maana nilikuwa peke yangu.

Baadaye nikamweleza dada yangu Gaudensia. Binti yake Anisia, miaka kumi na minane, amewaacha mbali kwa mbio wasichana wote wa komini yetu ya Mwakiro. Tarehe ishirini anakimbia Gitega, kilomita kumi. Watatu wa kwanza watachukuliwa na klabu ya kocha Ursula: kitanda, chakula, shule. Akikosa, ni jembe, kama mama yake na kama mimi. Gaudensia akauliza meneja anafanya nini. Nikasema anatafuta mdhamini. Akasema mtoto anahitaji viatu na maharage, basi. Nikamwambia hivyo vyote hutoka kwa huyo huyo mdhamini. Akaendelea kupepeta.

Jumanne, 8 Agosti

Muyinga mjini, kwa Uthmani, fundi wa kandambili za matairi, zile ambazo sisi tuliokulia Tanzania tunaziita katambuga. Marehemu baba yake alikuwa akitoa jozi moja kwa mshindi wa mbio za sikukuu. Jina lake likitajwa mara mbili kwenye kipaza sauti, mzee anarudi dukani ameridhika. Udhamini wa zamani ulikuwa huo tu.

Nikamsomea Uthmani matokeo yote ya Anisia. Alisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia binti yake Layla, ambaye ndiye anashika simu ya duka. Layla akauliza Anisia ana wafuasi wangapi. Nikasema Mwakiro nzima inamfuata. Akasema anauliza wa kwenye simu. Kumi na mmoja. Wawili kati yao ni mimi.

Njiani nimewaza sana. Mwaka 2004, kwenye kambi ya wakimbizi kule Tanzania, nilishinda mbio za kuzunguka kambi. Zawadi: blanketi. Watu kama elfu mbili waliniona. Tuliporudi Burundi tulipakia masufuria, mabati na godoro, lakini walioniona hawakupakiwa. Wengine wako Kanada, wengine wamekufa, wengine walishushwa vilima vingine na sijui majina yake. Nikisimulia hapa, majirani wananitabasamia kama mgonjwa. Na huyu mtoto, dunia nzima ingeweza kumwona leo hii, ana wafuasi kumi na mmoja! Imeniuma kuliko nilivyotegemea.

Alhamisi, 10 Agosti

Mpango: Anisia anapanda kilima mbio, mimi niko mbele yake nakimbia kinyumenyume na simu, nampiga video uso kwa uso. Mabega yangu bado yana nguvu. Macho ya kisogoni sina.

Nimetumbukia kwenye shimo la mihogo ya kulowekwa ya Mzee Venansi. Siku ya nne ya kulowekwa. Anayejua harufu hiyo anajua. Simu ilibaki ukingoni, inarekodi. Anisia alinivuta kwa mkono huku analia kwa kicheko. Mzee Venansi hakucheka, alitaka kujua nani sasa atakula hiyo mihogo.

Jioni nimeituma video yote. Kukata sijui, na mega za intaneti nilizonunua zilikuwa zinaisha muda.

Jumamosi, 12 Agosti

Asubuhi, kazi za jumuiya. Tulikuwa tunazibua mfereji wa barabara, na kila niliyemsogelea anaziba pua. Kumbe video imetazamwa na watu elfu arobaini. Wengine wanaandika kutoka Goma, wengine Kigoma. Hakuna aliyeuliza yule msichana anayepanda kilima bila kuhema ni nani.

Mchana Layla kapiga simu. Baba yake amekubali kudhamini. Nikapiga magoti. Anamdhamini nani? Mimi.

Nimekwenda hadi dukani kuhakikisha. Ndivyo ilivyo: mimi ni balozi wa kandambili. Anisia atapewa viatu vya mbio, vya kweli, vya mtumba safi, na sote tutapelekwa Gitega kwa gari. Sharti ni kwamba siku ya mbio nivae kandambili na nianguke tena, wakimbiaji waonekane nyuma yangu. Nikasema mwanariadha ni Anisia. Uthmani hakukataa. Alisema, "Mi najua ule mutoto iko na mbio. Lakini watu wanataka kucheka, mon frère. Mbio wanapita tu."

Nimekubali. Kwa ajili ya viatu vya Anisia. Nimeandika hivyo na ni kweli. Lakini kurudi nyumbani nilijikuta napiga mluzi, na mluzi ule haukuwa wa viatu vya mtu mwingine.

Jumatatu, 14 Agosti

Nimempa Anisia viatu. Alivinusa, akavivaa, akavivua, akavifuta soli ambazo hata hazijakanyaga. Sikumwambia sharti. Akasema ana ombi moja tu: siku ya Gitega mjomba nisimame mwisho wa mbio, nisimame tu, nisikimbie. Anataka akifika aone mtu wa kwao.

Nikaahidi. Niliahidi kwa moyo wote, hilo ndilo la ajabu. Wakati ule ahadi niliyompa Uthmani ilikuwa imenitoka kabisa kichwani.

Gitega, Jumapili, 20 Agosti

Naandika na goti lililovimba. Stahili yangu.

Nilisimama karibu na mwisho kama nilivyoahidi. Nikawaza kwamba mtu anaweza kusimama na pia akaanguka, kwa hiyo ahadi zote mbili zitatimia. Hesabu hii ilionekana nzuri asubuhi.

Wakatokea kwenye kona. Wawili mbele, halafu Anisia, wa tatu, peke yake. Sikuwa na simu mkononi, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nimemtazama akikimbia. Hapigani na barabara. Anaipita tu, uso umetulia, kama mtu anayerudi nyumbani na anajua mlango uko wazi. Machozi yalinitoka. Ningebaki pale pale ningekuwa mtu mwenye heri kuliko wote Burundi nzima.

Layla, aliyekuja na simu kurekodi, akainua mkono, ishara yetu. Nikaingia barabarani. Nilikusudia kuanguka pembeni, lakini barabara ile inateremka na mimi ni mzito. Nilibingirika hadi katikati.

Anisia alinigonga. Akaangukia viganja. Msichana wa nyuma akampita. Anisia akainuka, hakunitazama, akamaliza wa nne.

Watu walicheka, halafu wakaacha. Layla hakurekodi chochote. Aliitupa simu kwenye mkoba akamkimbilia Anisia na kitambaa. Nilibaki nimekaa chini na kandambili moja. Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona, hata miaka ile tuliyokimbia makwetu. Ile sikuisababisha mimi.

Mwakiro, Jumatano, 23 Agosti

Kocha Ursula amempigia Gaudensia. Amesema anayeinuka viganja vinavuja damu na bado akamaliza, huyo anamtosha. Kitanda cha nne kitapatikana. Sharti moja: mjomba asikanyage klabuni. Gaudensia alikubali kabla sentensi haijaisha.

Anisia ameondoka asubuhi. Alikuja kuniaga, akasema shikamoo mjomba, akanipa mkono wenye bandeji. Viatu vya Uthmani ameviacha mlangoni kwangu, vimefutwa vumbi. Amekwenda na vyake vya zamani. Nikalia mbele ya watu. Nilimwambia Gaudensia nimeelewa yote: kazi ya mtoto ni kukimbia, kazi yangu ni kunyamaza, na simu nimeizima moja kwa moja. Akanishika bega. Hajanishika bega tangu tuvuke mpaka kurudi.

Mchana niliiwasha kidogo, nione saa.

Nimefungua ukurasa: Mjomba Aliyekatazwa. Uso wangu tu, nalia, sijasema neno. Hadi jioni hii wafuasi mia tatu, wote wanauliza nimekatazwa wapi na kwa nini. Layla hapokei simu, lakini Uthmani amepokea, na ameuliza kama naweza kulia nikiwa nimevaa kandambili.

Kesho naenda Gitega kupiga picha ya lango la klabu. Lango tu, tena kutoka ng'ambo ya barabara.