Matone ya Ujerumani, Ghorofa ya Tano

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe kumi na tatu Januari, kwenye foleni ya duka la dawa mjini Niš, wanawake wawili walibadilishana vidonge. Mmoja alitoa viwili vyeupe vilivyofungwa kwenye leso, akapokea kimoja cha manjano.

"Marehemu mume wangu kilimfaa sana," alisema aliyetoa cha manjano.

Hakuna aliyeuliza marehemu alikufa kwa ugonjwa gani.

Ljubinko Stevanić, aliyesimama nyuma yao, aliona yote. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ameuza mipira ya kuziba madirisha dhidi ya upepo wa kupenya, ambao kwa imani ya mji ule umeua watu wengi kuliko vita. Siku hizi madirisha yanafungwa vizuri, na Ljubinko anauza matone ya dawa. Alipowatazama wanawake wale alifikia uamuzi: mtu anayemeza kidonge cha jirani bila kusoma chochote ni mteja aliyekwisha kununua, bado kumpelekea mzigo tu. Akawafuata hadi jengo lao.

Kufika saa tano alikuwa amepita nyumba tano, na sasa alikuwa ghorofa ya tano, sebuleni kwa Vidosava Rančić, mjane wa miaka sabini na mmoja. Lifti ilikuwa mbovu. Palikuwa na kahawa, majirani wanne, na Garov, mbwa wa kilo arobaini, amelala chini ya meza. Lebo za chupa zilikuwa za Kijerumani. Mtu wa Niš humwamini Mjerumani, hasa asipomwelewa.

"Presha, baridi yabisi, mafua, yote yanakwisha," alisema Ljubinko. "Sharti ni moja, mama zangu. Matone haya na vidonge vya kiwandani havikai nyumba moja. Nipeni maboksi yenu nikayateketeze kwa usalama. Kila boksi lililojaa, napunguza dinari mia mbili."

Majirani walikimbilia makabati yao kama waliosikia sukari inapanda bei kesho. Vidosava alileta maboksi matatu ya vidonge vya presha, vile ambavyo daktari alimwambia asiruke hata siku moja. Alikuwa ameokoa dinari mia sita, na uso wake uling'aa kama wa mtu aliyeibia benki.

"Vidosava, usitoe hivyo," alisema Zagorka Mitić wa mlango wa mkabala, aliyefanya kazi miaka thelathini katika famasi ya hospitali. "Ukiviacha ghafla utaanguka."

"Wivu tu, jirani. Wewe huna boksi la kupunguziwa."

"Bwana, hayo matone yana nini ndani?"

"Mimea, mama."

"Mimea gani?"

"Ya mlimani."

Ljubinko akanywa kijiko kimoja mbele yao, kuthibitisha. Kilikuwa cha sita tangu asubuhi, kimoja kila nyumba. Vidosava akamtupia Zagorka jicho la ushindi. Zagorka alikwisha kuelewa kwamba rafiki yake hatamsikiliza yeye wala daktari. Angemsikiliza mtu mmoja tu duniani, naye alikuwa amevaa koti la sufu na kushika kijiko.

Ngazi za ghorofa tano zilikuwa zimemfanya Ljubinko awe mwekundu kama pilipili iliyochomwa. Presha anayo yeye pia, na asubuhi alikuwa amesahau kidonge chake. Akachungulia ndani ya mfuko alimotia maboksi yao, akaliona boksi analolijua, akageukia dirishani na kumeza kimoja kwa kahawa.

"Umemeza kutoka boksi hilo?" aliuliza Zagorka. "Ole wako! Humo Vidosava huweka dawa ya Garov. Ya kumlaza usiku wa fataki."

Usiku wa siku hiyo ulikuwa wa Mwaka Mpya wa kalenda ya kale ya kanisa, na fataki zilikuwa za uhakika. Vidosava akafungua mdomo akanushe, kisha akaufunga. Kabatini kwake boksi la vidonge vya moyo lilikuwa na vifungo vya shati. Hakuwa na hakika.

"Ya mbwa?" alisema Ljubinko.

"Wa kilo arobaini. Lakini kunywa matone yako, si yanaponya yote?"

"Acha matone, mama! Piga simu kwa daktari!"

Zagorka akapiga, akaweka sauti ya nje. "Kituo cha sumu? Nina mwanamume hapa amemeza dawa ya mbwa."

Upande wa pili mtu alikohoa.

"Ndiyo," ilisema sauti ya mwanamke. "Kituo cha sumu. Bwana anahisi miguu mizito?"

"Mizito sana!" alisema Ljubinko.

"Amekunywa nini kingine leo?"

"Matone. Vijiko sita. Ya mimea."

"Mimea ipi? Nisipojua nitakusaidiaje?"

Chini ya meza Garov akapiga miayo. Ljubinko naye akapiga miayo, akajishika shavu kwa hofu.

"Hakuna mimea! Ni parasetamoli. Nasaga vidonge kumi na viwili kwa chupa. Na sukari, na rakija, pombe kali ya matunda aliyopika shemeji yangu."

"Vidosava," alisema Zagorka, "unga wa dawa ya mafua unaunywa mara ngapi?"

"Mara tatu kwa siku."

"Nao ni parasetamoli hiyohiyo. Ukijumlisha na hii, ini lako litalipa. Na maboksi yetu, bwana, unayateketezea wapi?"

"Sokoni," alisema Ljubinko. "Nayauza. Nitapona?"

Vidosava akautwaa mfuko kutoka magotini pa Ljubinko. Hakuomba ruhusa.

"Aje hospitali kwa miguu," ilisema simu. "Asikae, asilale. Na awarudishie watu pesa zao. Mfukoni zina uzito."

Ljubinko alizimwaga mezani, za nyumba zote sita, akashuka ngazi mbio. Koti na chupa vilibaki.

"Sauti yangu ilifaa?" iliuliza simu. Alikuwa dada yake Zagorka, fundi cherehani mstaafu wa mji wa Leskovac.

Boksi alilomezea Ljubinko lilikuwa na vidonge vya presha, kama lilivyoandikwa. Ndilo boksi pekee nyumbani mle lililosema kweli. Zagorka alimwaga matone kwenye sinki. Vidosava alipimwa presha: mia moja themanini na mbili kwa tisini na nane. Alivaa miwani, akasoma karatasi ya maelezo kwa mara ya kwanza katika miaka tisa, akameza kimoja kwa maji.

Saa saba na nusu, muuguzi wa zamu hospitalini alimpima presha Ljubinko Stevanić, aliyekuwa akizunguka benchi ili asilale. Ilikuwa mia moja thelathini na mbili kwa themanini. Muuguzi akaandika: nzuri.