Nahodha wa Kipindi cha Kwanza

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimegundua kwamba mimi ni msanii. Mke wangu anasema mwaka jana niligundua vivyo hivyo kwamba mimi ni mfuga nyuki. Hajui tofauti ya nyuki na sanaa. Simlaumu.

Habari yenyewe ni hii. Kuna filamu ya katuni inatiwa sauti za Kiswahili hapa mjini, kwenye lile jengo lililokuwa duka la magodoro. Ya familia nzima. Timu ya nungunungu inataka kucheza ligi ya wanyama. Tatizo ni moja: wakipiga kichwa tu, mpira unapasuka kwa miiba yao. Msitu mzima unawacheka. Mechi ya mwisho wanakutana na duma, mabingwa watupu. Sasa wanatafutwa watu wenye sauti. Jamani! Nani wa kunishinda mimi? Kazi yangu ni kutangaza mabasi kituoni. Nikisema basi linaondoka, hata walioshuka wanapanda tena!

Nataka sehemu ya nahodha. Sijaipata bado, lakini nimeshamwambia binti yangu kwamba ni yangu. Yeye anacheza timu ya shule. Yaani, anakaa benchi la timu ya shule. Alirukaruka mpaka kikombe kikaanguka. Akasema ataliambia darasa zima. Nikaona si vizuri kumkatiza kwa mambo madogo madogo kama ukweli.

Jumatano, 5 Machi

Kumbe nina mshindani. Asali, yule mshereheshaji wa harusi! Wanamwita Asali kwa ajili ya sauti yake. Mimi nikimsikiliza nasikia siki tupu. Naye anautaka unahodha. Majaribio ni Ijumaa.

Nimekaa nimefikiri. Sauti ya mtu haiharibiwi kwa ugomvi, inaharibiwa kwa baridi. Kesho namwalika Asali kula aiskrimu. Ale mpaka koo lishikane. Akili ni mali.

Alhamisi, 6 Machi

Asali amekuja, amependeza kama kawaida yake. Akasema kwa adabu zote kwamba yeye hali vitu vya baridi, lakini atanisindikiza. Basi nikala mimi, ili kumtamanisha. Hakutamani. Nikala na yake, isije ikayeyuka. Nikaagiza nyingine, nikala huku nikiguna kwa utamu. Muuzaji akaniuliza kama nyumbani kuna amani. Asali akanywa maji ya uvuguvugu na kunishukuru kwa ukarimu.

Koo linawasha kidogo. Si kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Sina sauti. Sisemi imepungua. Haipo! Asubuhi nilifungua mdomo kumwamkia mama mkwe, ikatoka hewa tu. Akadhani nimemnunia.

Mama mkwe anaishi nasi tangu alipostaafu. Maisha yake yote ya kazi alisimamia ghala la saruji, akipigia kelele malori. Sauti yake ni kama gunia la kokoto linaloburuzwa sakafuni. Hapo nikapata mpango. Nitakwenda naye awe msemaji wangu! Amweleze mwongozaji kwamba sauti yangu ipo, imesafiri tu.

Mwongozaji ni dada mmoja mwembamba mwenye hedifoni kubwa kuliko kichwa. Mama mkwe akaeleza yote, mpaka na aiskrimu, ambazo sikumtuma kuzitaja. Dada akasema nijaribu hivyo hivyo. Nikasogelea maiki. Nikavuta pumzi. Nikafungua mdomo kwa heshima zote za nahodha.

"Pshhhhhh."

Dada akashika kichwa. Nikajua nimekwisha. Kumbe! Akaruka juu, akasema huo ndio mpira wenyewe! Wametafuta sauti ya mpira unaopasuka mpaka wamechoka. Wamejaribu matairi, maputo, mito ya viti. Hakuna kilichotoa huzuni kama ile.

Ndiyo. Nimepewa mpira.

Mama mkwe akawaka pale pale mlangoni. "We mwanangu, huyu ni mtu mzima, ana mke na mtoto, unampaje kuwa mpira? Kwani unamwona amejaa upepo?" Kioo cha studio kikatetemeka. Asali akasimama wima kama mwanafunzi. Dada akavua hedifoni taratibu. Akamwomba mama aseme tena vile vile, lakini safari hii awagombeze duma.

Mama mkwe amepata unahodha.

Niliuliza, kwa kuandika kwenye kiganja, kama nahodha si dume. Dada akajibu kwamba nungunungu ni nungunungu, nani atathubutu kumkagua? Asali amekuwa nahodha wa duma. Hata yeye ni nahodha!

Jumapili, 9 Machi

Sauti imerudi nusu. Binti akauliza inakuwaje bibi naye anasema ni nahodha. Jasho! Nikamwambia manahodha ni wawili. Bibi ni wa kipindi cha pili. Mimi ni wa kipindi cha kwanza. Akafikiri. Akasema kwenye timu yao hakuna utaratibu huo. Nikamwambia ndiyo maana hawashindi.

Mke wangu aliondoka mezani ghafla. Nilimsikia chumbani akichekea mto.

Jumanne, 11 Machi

Mpango mpya, na huu hauna tundu. Mama mkwe hasomi bila miwani. Bila miwani hakuna maneno, bila maneno hakuna nahodha, na bila nahodha, nani yuko karibu? Nimeificha miwani ndani ya viatu vyangu vyeusi, ambavyo sivivai kamwe.

Roho inanisuta kidogo. Lakini huyu mama hata hakuutaka huo unahodha. Namtua mzigo.

Alhamisi, 13 Machi

Leo mkuu wa kituo ametaka wote tuvae viatu vyeusi, kuna wageni. Krak!

Nikamwambia mama mkwe ni paka. Akasema polepole kwamba hatuna paka. Nikajibu ndiyo maana hajaonekana.

Kioo kimoja kimepona. Na msiba juu ya msiba: miwani yenyewe wala hakuihitaji. Toka Jumanne binti anamsomea maneno, yeye anayashika kichwani. Leo niliporudi niliwakuta wanacheza filamu nzima jikoni, sufuria ndiyo goli, mke wangu ndiye refa. Mama mkwe ameshajua maneno yake, ya duma, na ya refa. Hata yangu anayajua! Ameniambia "pshhh" yangu ina haraka. Mpira, akasema, haupendi kufa.

Jumatatu, 17 Machi

Leo ilikuwa zamu ya hotuba ya nahodha. Ni mapumziko. Nungunungu wamefungwa mabao matano, mipira imepasuka karibu yote, na watazamaji wanawazomea. Nahodha anasema na timu yake ndani ya chumba cha kubadilishia nguo. Filamu yote imeegemea hapo.

Mama mkwe akaingia kwenye kile chumba kidogo cha kurekodia, akaitazama maiki. Akajaribu. Ikatoka sauti ya mtu anayeulizia dawa dukani. Akajaribu tena, ikawa mbaya zaidi. Mwongozaji akasema kwa upole apumzike kidogo. Asali akakohoa, akasema kama itabidi, yeye yupo. Na mimi nipo! Sauti yangu ilikuwa imerudi yote, imenona. Nafasi yangu ile pale, imelala chali inanisubiri.

Halafu nikamwona kupitia kioo. Alikuwa anapangusa viganja kwenye sketi. Mwanamke aliyekuwa akisimamisha malori kwa mkono mmoja! Alitutazama kama mtoto aliyepotezana na mama yake kituoni. Watoto hao nawajua. Mimi ndiye huwatangaza.

Sijui nilipatwa na nini. Nikaingia. Akaninong'oneza kwamba hawezi kumtia moyo mtu ambaye hayupo, hicho chuma hakina macho. Nikasimama nyuma ya maiki.

"Basi nitie moyo mimi, mama," nikamwambia. "Nimefungwa tano, na mimi ndiye mpira."

Akacheka. Kisha akanitazama, akanitazama sana. Ikatoka.

"Miiba hii hatukuinunua. Tumezaliwa nayo. Anayetaka kutucheka na acheke, mdomo ni wake. Lakini hapa hatoki mtu kabla ya kipenga. Inuka, mwanangu. Inuka tukacheze."

Hilo neno "mwanangu" halimo kwenye maandishi. Mwongozaji ameliacha libaki. Nyuma ya kioo Asali alikuwa anatafuta kitambaa. Mimi sikulia. Jengo lile bado lina vumbi la magodoro.

Wakati wa kutoka mama mkwe akaniambia, bila kunitazama, nimwambie yule paka wangu awe anaangalia anapoweka vitu vya watu.

Jumamosi, 29 Machi

Filamu imeonyeshwa! Ukumbi wa shule, viti vya plastiki, shuka nyeupe ukutani. Darasa zima la binti limekuja kumwona, samahani, kumsikia nahodha wa kipindi cha kwanza.

Nilikuwa nimejipanga. Nahodha akikaribia kusema, mimi nashikwa na kikohozi kikali, binti ananitoa nje, tunarudi kipindi cha pili. Safi kabisa. Nikaanza kukohoa. Mama mkwe akanitia peremende mdomoni, macho yake yakiwa mbele. Nikawa nimezibwa.

Nahodha akafungua mdomo. Kokoto zikaburuzwa ukumbi mzima. Binti akanigeukia. Nikaikagua dari. Dari nzuri ile.

Ndipo nungunungu mmoja mwembamba akapiga kichwa. Mpira ukapaa, ukageuka, ukatutazama. Walikuwa wameuchorea macho! Macho ya kusikitisha, ya mtu aliyetaka makubwa maishani.

"Pshhhhhh."

Ukumbi ukalipuka. Watoto waliteleza kutoka vitini. Ulipopasuka wa pili, walikuwa wanausubiri. Wa tatu tuliusema wote, darasa, walimu, na mzee mmoja mlangoni ambaye nadhani alikuja kuchukua viti vyake.

Hotuba ilipofika, hakuna aliyecheka. Sikio la mke wangu lilikuwa begani kwangu, na nilihisi analia.

Nungunungu wanafungwa sita kwa moja. Lakini hilo moja! Mpira wa mwisho umekwisha upepo, umelala mbele ya goli kama chapati ya ngozi, duma wanapita mbio kushoto na kulia bila kuuona. Nungunungu mwembamba anausukuma kwa pua. Taratibu. Taratibu. Ndani! Walishangilia kama waliotwaa kombe, nasi pia. Duma hawakuelewa kilichotokea.

Nje, wanafunzi wakamzunguka binti. Baba yako yuko wapi kwenye filamu? Nilishafungua mdomo na maelezo mapya, mazuri sana, yanayomhusu nahodha aliyeumia. Akaniwahi.

"Baba ndiye mpira," akasema, kidevu juu. "Bila mpira kuna mechi gani?"

Wakapanga foleni kuisikia "pshhh" yangu. Asali naye alisimama kwenye foleni. Niliwapasukia mmoja mmoja. Mama mkwe akasema sasa ndiyo naanza kuiweza.

Njiani binti akanishika mkono. Nikamuuliza alijua lini kwamba mimi si nahodha. Akasema siku ile ile niliyomwambia. Nikidanganya, akasema, huwa natangaza.

Nimejifunza. Uongo ni mzigo, na unaoubeba ni wewe mwenyewe. Kuanzia leo mimi ni mtu wa kweli. Nimemwambia mke wangu hivyo. Amesema sawa, na kuzima taa.

Jumatatu, 31 Machi

Mwongozaji amepiga simu! Kuna filamu nyingine. Viboko wanaingia mashindano ya kuogelea, na kila mtu anawacheka. Anahitaji mtu wa kurekodiwa ndani ya maji hasa: kuruka, kupiga mbizi, kukata maji kwa kasi. Akauliza kama najua kuogelea.

Nikamwambia niliwahi kuwa bingwa. Wa nini, hakuuliza.

Tunaanza kesho asubuhi, bwawa la kina kirefu. Sijawahi kuogelea. Lakini jioni hii nimewachunguza viboko vizuri kwenye picha. Tumbo lile! Vijiguu vile! Na wako majini mchana kutwa, wanakula raha zao.

Kuna ugumu gani?