Chewa wa Karani Anselmi

Jumatatu, 3 Septemba 1951
Chewa amefika! Binamu yangu wa Dar es Salaam amemtuma kwa garimoshi, ndani ya pipa la maji ya bahari. Urefu, mkono hadi kiwiko. Mdomo, usiseme. Nusu ya maji ilimwagika njiani. Nimejazia maji ya kisima na chumvi ya Bahi, nikionja kila kata. Ladha ya bahari naijua, niliinywa mwaka arobaini na nne nilipoteleza ufukweni. Yumo sebuleni, katika kabati la kioo nililolipata kwa Mansukh muuza vitambaa. Mke wangu Sidonia anamtilia hewa kwa pampu ya baiskeli. Anasema kisima kimebaki tope na mimi nafuga bahari. Hajui mambo ya ofisi. Karani mkuu anastaafu, na Bwana Shauri, mkuu wetu wa wilaya, anapenda samaki kuliko watu. Mwenzangu Bartolomayo anafuga kuku tu. Cheo ni changu.

Jumanne, 4 Septemba
Mambo yameiva. Bwana Shauri amekwenda Kondoa hadi Ijumaa. Aliuliza nani atamtunzia samaki wake watatu wa baharini, wa manjano wenye milia, kila mmoja kama kidole. Nilisimama kabla hajamaliza. Akasema atakayewatunza vizuri ni mtu wa kuaminiwa. Bartolomayo aliuliza chewa hula nini. Nikamjibu kuwa wangu amelelewa vizuri. Wivu mtupu.

Jumatano, 5 Septemba
Kwa tahadhari nilimlisha chewa ugali wa uwele na mlenda. Ametema. Basi nikaandika tangazo: MALI YA SERIKALI, NI MARUFUKU KUGUSA. Nikapiga muhuri wa ofisi na kulibandika kiooni, maandishi yakitazama ndani. Sidonia aliuliza kama samaki anajua kusoma. Nikamwambia watu wengi hapa hawajui, lakini muhuri wanauogopa.
Saa tatu: nimewatia kabatini wote watatu wa Bwana Shauri.
Saa tatu na robo: wawili.
Saa tatu na nusu: umebaki muhuri.

Alhamisi, 6 Septemba
Nimekata samaki watatu wa bati kutoka kopo la siagi, nikawachora milia, nikawaning'iniza majini kwa uzi. Bartolomayo alipita kusalimia. Akasema wametulia sana. Jioni wameota kutu.

Ijumaa, 7 Septemba
Bwana Shauri amerudi. Nilimweleza kwamba samaki wake hawajapotea, wamehamishwa tu, wako ndani ya chewa. Kisha akaagiza chewa apelekwe kwa mpishi wake, akamla kwa limau. Nimeandika daftarini: samaki watatu wamerudishwa kwa mwenyewe.

Jumatatu, 10 Septemba
Bartolomayo ndiye karani mkuu. Barua yake ya kwanza inanihamishia Bahi, kuandikisha mizigo ya chumvi. Imeniuma. Nilikaa nyuma ya ofisi mpaka saa sita, sikutaka mtu anione uso. Sidonia amefungasha vyombo, na pampu ameificha.

Lakini nimefikiri. Bahi chumvi ni ya kuzoa! Nimemwandikia binamu alete papa, mdogo tu. Nimeagiza na wenzake wa manjano wa kumchangamsha. Kosa langu sasa nimeliona: muhuri ule ulikuwa wa wino wa zambarau. Wa papa nitaupiga mwekundu.